Ule Mrefu Kando ya Mfongo

Machame,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka yangu Godwin,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, umekula, na goti lile lililokuwa likikusumbua limepoa. Wifi Gladness hajambo? Na yule mdogo, bado anakohoa kila vumbi la Tabora linapoinuka? Wasalimie wote, kila mmoja kwa jina lake, usiwajumlishe. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja, lakini migomba imesimama na kahawa imeshika. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mimi naendelea na cherehani yangu pale barazani, na msimu huu nimepata kushona sare za shule mbili. Mama anakula, analala, anatembea mwenyewe mpaka mfongoni, kwenye mfereji wetu wa maji, na kurudi. Mwili wake hauna shida. Shida iko kwingine, nawe unaijua.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Juzi uliponipigia ukanikaripia kuhusu fundi Tito, nilikata, lakini sikukata kwa dharau. Mama alikuwa ameketi mbele yangu akichambua maharage, na niliyokuwa nayo moyoni hayasemeki mbele yake, wala sikuona uzuri wa kuyasemea pembeni nikinong'ona kama mwizi. Hata sasa sijui yaanzie wapi. Nitayaandika kwa jinsi yalivyotokea. Nikiyachanganya uniwie radhi, kwa sababu mimi mwenyewe nimechanganyikiwa.

Ulisema nimejificha nyuma ya ugonjwa wa mama ili nyumba yako isijengwe. Ukasema mmea ni mmea tu, ung'olewe upandwe mahali pengine. Kaka, mpaka wiki iliyopita nilikuwa upande wako. Nataka ulijue hilo kwanza.

Mambo haya yalianza baada ya kumzika baba. Ninyi wageni mlipoondoka na maturubai yakarudishwa, mama aliniita jikoni akaniambia anataka nimletee ule mrefu wa msituni, aupande nyuma ya nyumba. Nikamuuliza mrefu gani. Akasema ule mrefu, kama vile kila mtu anaujua. Nilidhani ni masale, kwa sababu ya kaburi. Nikakata tawi zuri nikamletea. Akacheka, akasema masale yamejaa kwenye mipaka yote ya kihamba, shamba zima la nyumbani, ya nini kumletea tena. Nikaenda kutafuta mche wa msesewe. Akautazama, akasema huo ni mti, yeye hajasema mti. Nikamletea mmea mwingine wenye majani mapana unaoota kwenye unyevu kule bondeni. Huo hata hakuugusa.

Basi nikamketisha anieleze. Alisema ni mrefu kuliko mtu, mrefu hata kuliko baba, lakini si mti, maana shina lake lina uwazi ndani. Majani yake ni kama ya tumbaku ila makubwa zaidi, na ukiyakata hutoa maziwa. Ukichanua, hutoa kitu kama mkuki kinachoelekea mbinguni. Nilimsikiliza nikawaza moyoni kwamba mama sasa anaota akiwa macho. Ndiyo kipindi kile alichoanza kusahau kama amekula, na kumuuliza mchungaji habari za baba yake aliyekufa zamani.

Nilimpelekea Sifael maelezo hayo kama kichekesho. Sifael ni yule kijana wa ukoo wa jirani zetu wa juu, mwenye kitalu cha miti ya asili karibu na njia inayopanda kwenda Nusu Maili, ule ukanda wa msitu. Hakucheka. Alisema mmea huo upo, wataalamu wanauita lobelia, na watu huupita kila siku bila kuuangalia. Lakini akanionya kwamba hauruhusiwi kung'olewa hifadhini, hata mche mmoja. Ikabidi tusubiri mpaka alipopata mbegu kwa mtu mmoja mwenye shamba kando ya mto, nje ya mpaka, ambako ulikuwa umejiotea wenyewe.

Mbegu zenyewe, kaka, ungezipeperusha kwa chafya moja. Ni kama ugoro. Sifael aliniambia nizifunike kwa udongo kidogo, nikazifunika, hazikuota hata moja. Akakuna kichwa, akaenda kuuliza wenzake, akarudi kusema tumekosea, zinataka mwanga, zinyunyizwe juu tu na udongo usikauke kamwe. Nikakata dumu la mafuta ya kula, nikajaza udongo mweusi wa chini ya migomba, nikanyunyiza, nikafunika kwa nailoni. Mama akawa anakwenda kulichungulia dumu lile asubuhi na jioni. Yeye anayesahau kuzima jiko hakusahau siku hata moja kunyunyizia maji. Vilipotokeza vijani vidogo mno, alinishika mkono akaniambia nipite polepole, nisivipulizie upepo.

Niliona ni vizuri apate cha kumshughulisha. Hilo nilikuambia kwenye simu, nawe ukasema vizuri, mwache apande maua.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mahali. Mimi nilitaka tuupande mbele, karibu na mawaridi. Mama akakataa. Alitaka kando ya mfongo, pale nyuma ya jiko, chini ya kivuli cha migomba. Nikamwambia pale Godwin ameshasema atajenga. Akaniambia maji ya pale yanatoka juu. Nikamwambia maji yote yanatoka juu, mama. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto mzito wa kuelewa. Tukapanda pale. Miche mingine ililiwa na konokono, mingine ikanyauka kiangazi, ukabaki mmoja. Tukautia samadi, tukauwekea majani makavu ya mgomba shinani ili unyevu usitoroke. Mwaka uliofuata ulinifika kiunoni. Mwaka mwingine ukanipita kichwa. Siku moja nilivunja jani lililoinama njiani, yale maziwa yakanirukia jichoni, nikaungua mchana kutwa. Mama alinisafisha jicho kwa maji ya mfongo akiniambia kwa ukali kwamba hakuna aliyenituma kumvunja.

Kumvunja, kaka. Hakusema kuuvunja. Nililisikia lile neno nikalipuuza, nikidhani ni Kiswahili chake tu kinachochanganyika na Kichagga.

Lililonichanganya zaidi ni jina langu. Nikiwa barazani nashona, namsikia mama ananiita kutoka nyuma, Anaeli, Anaeli, kwa sauti ya upole ambayo sikuzoea kuisikia kwake. Naacha cherehani, nazunguka nyumba, namkuta amesimama chini ya yale majani makubwa. Naitika, "Abee mama." Ananigeukia na kuniambia, "Sikukuita wewe." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilirudi barazani nikashindwa kutia uzi kwenye sindano. Ikawa kila mara. Nikienda, sikuitwa. Nisipoenda, nasikia anazungumza na mtu, anatulia kama anayesikiliza, kisha anazungumza tena. Hospitalini waliniambia ni umri, ubongo unachoka, nisibishane naye. Sikubishana. Lakini mtu akilitumia jina lako kumwita mwingine unaanza kujitazama kwenye kioo.

Mwezi uliopita ule mmea ukatoa mkuki, kama alivyosema. Umepanda juu ya paa la jiko, una maua meupe yanayoelekea kijani, yamepangana kuanzia chini kwenda juu, na ndege chozi wadogo wenye midomo iliyopinda hawabanduki pale. Watu wanasimama njiani kuuliza ni kitu gani. Ndipo fundi Tito alipokuja na kamba zake na vigingi ulivyomwagiza apige. Alipima vizuri, kazi yake ni nzuri, na kona ya sebule yako ikaangukia palepale shinani. Mama alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Aliketi chini kwenye tope, akaegemea lile shina, akamwambia Tito kwamba akitaka kuchimba aanze na yeye. Tito ni mtu mzima, alivua kofia akaniangalia. Nikamwambia aende kwanza. Hayo ndiyo aliyokusimulia, ukanipigia juzi.

Sasa sikiliza nilivyofanya kabla hujanipigia, uone kama nilikupinga. Nilimpigia shangazi Eliaichi kule Mabogini aje anisaidie kumbembeleza mama tuuhamishe. Nilijua dada yake baba ndiye mtu pekee ambaye mama humsikiliza. Alhamisi alifika na mchele wa mashamba ya mwanawe, amechoka, analalamikia joto la kule chini na baridi ya huku juu. Nilimpa mtori, akala. Nikamweleza habari ya nyumba na habari ya mmea. Akasema ni jambo dogo, atamaliza kabla ya chai. Tukazunguka nyuma.

Alipouona alisimama. Aliniuliza taratibu nani ameupanda. Nikasema mama. Akaziba mdomo kwa kanga, akaketi kwenye ukingo wa mfongo. Mama alikuwa pale anaokota majani yaliyodondoka. Akamwangalia wifi yake kwa macho ambayo sijayaona kwake tangu ugonjwa huu uanze, macho safi, akamuuliza, "Umekuja kumwona?"

Shangazi akamjibu, "Nimekuja."

Walishikana wakalia, wazee wawili, kimyakimya. Mimi nilisimama na sufuria mkononi, sijui niitue au nibaki nayo. Nilipouliza kuna nini, shangazi alimtazama mama kama anayeomba ruhusa, na mama akaniambia niketi. Kisha wakanieleza, shangazi akisimulia na mama akimsahihisha. Nilivyoelewa ndivyo ninavyokuandikia.

Mwaka uliozaliwa wewe, mama alikuwa bibi arusi mgeni katika kihamba hiki. Baba alikuwa mlimani amebeba mizigo ya wageni. Bibi, mama mkwe wake, alimkataza mama kupanda msituni kukata majani ya ng'ombe kwa sababu tumbo lilikuwa kubwa mno, lakini mama aliogopa kuitwa mvivu, na ng'ombe alikuwa analia njaa. Alipanda na shangazi Eliaichi, ambaye wakati huo alikuwa binti tu wa darasa la kipaimara. Wakafika Nusu Maili, pale mfongo wetu unapochepuka kutoka kwenye kijito, palipojaa ile mimea mirefu. Hapo uchungu ukamshika. Hapakuwa na mtu wa kumwita. Mtoto akazaliwa hapo, chini ya yale majani, mikononi mwa shangazi.

Alikuwa wa kike. Mdogo sana, wanasema, lakini alilia. Alilia kidogo, kisha akawa anahema tu. Shangazi aliona hali si nzuri, akakumbuka mwinjilisti alivyowafundisha kwamba palipo na hatari ya kufa Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Akachota maji ya mfongo kwa kiganja. Akamuuliza mama jina. Mama akasema Anaeli.

Hakukaa sana baada ya hapo. Walimfunga kwenye kanga ya mama. Shangazi alisema ilikuwa ya kijani, mama akamkatiza, akasema ilikuwa ya njano na pindo jeusi, na ilikuwa zawadi ya baba. Wakachimba kwa mundu, wakamlaza chini ya ile mirefu, wakaweka mawe juu. Na mama alipokuwa amepiga magoti bado akisawazisha yale mawe, akasikia tumboni kunacheza.

Hapo ulikuwa wewe, kaka.

Walishuka wakiegemeana. Ulizaliwa jioni ile kwenye sakafu ya bibi, na kilio chako, wanasema, kilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Bibi aliuliza majani ya ng'ombe yako wapi, halafu furaha ya mjukuu wa kiume ikamsahaulisha. Baba aliposhuka mlimani akakuta mwana, akachinja. Mama alisema alitafuta mahali pa kupenyeza neno katika ile furaha, hakupaona. Akasema atamwambia baba wiki ijayo, na wiki iliyofuata ikawa ngumu kuliko ile ya kwanza, na mwaka ukawa mgumu kuliko wiki. Shangazi aliapa hatasema mpaka mama aseme. Baba alikufa bila kujua, ndivyo shangazi anavyoamini. Mama anasema alimwambia pale kitandani siku za mwisho, baba akiwa hawezi tena kutamka, na kwamba alimbana mkono. Lipi ni la kweli sijui, na sitalijua.

Miaka yote ile mama alipokuwa akipanda kukata majani huko juu, hata tulipokuwa na majani ya kutosha kihambani, ukikumbuka tulivyokuwa tukimshangaa, alikuwa anakwenda kwa mwanawe. Baada ya baba kufa, magoti yakakataa mlima. Akaona kama yeye hawezi kupanda, basi kitu cha kule kishuke. Ndiyo sababu alitaka ule mmea, ndiyo sababu akataka pale mfongoni, kwa sababu maji yale yanapita kwanza miguuni pa yule mtoto ndipo yaje kwetu. Mimi nilimwambia maji yote yanatoka juu.

Nilimuuliza mama kwa nini basi aliniita mimi jina lile. Tumekua tukisikia jinsi bibi alivyogomba kwamba binti wa kwanza apewe jina lake, na mama akakataa, na jinsi hawakusemezana msimu mzima wa kahawa. Mama alinishika uso kwa mikono yake miwili yenye udongo. Alisema aliogopa kulisahau, na hapakuwa na namna nyingine ya kulitamka mbele ya watu. Mpaka leo sijui kama nimependwa mara mbili au nimeazimwa jina la mtu. Asubuhi naona hivi, jioni naona vile. Nikimaliza kushona namtembelea pale, nasimama, nataka kumwita, na jina linalonijia ni langu.

Kesho yake nilikuwa najipangusa macho nikikoroga uji, mama akaingia, akamuuliza shangazi kwa nini nalia, kuna msiba gani. Alikuwa amesahau kwamba ametueleza. Shangazi akaangalia chini. Nikamjibu mama hakuna msiba. Sijui kama nilidanganya.

Nilijiuliza kama nina haki ya kukuandikia. Nilitaka ningoje uje akwambie kwa kinywa chake. Lakini jana mchana tulikuwa tumeketi pale nyuma tunamenya ndizi, akaniuliza, "Godwin anajua?"

Nikamwambia hajui.

"Mwandikie wewe. Mimi nitasahau."

Akaendelea kumenya ndizi. Nami ninaandika.

Kuhusu nyumba, sikuambii usijenge. Vigingi vya Tito bado vipo ardhini, nilichotoa ni kamba tu kwa sababu mama alikuwa anajikwaa. Sifael anasema shina hili likimaliza maua na kuangusha mbegu litakauka, ndivyo lilivyoumbwa. Kwa hiyo huenda baada ya miezi michache pakawa peupe, na Tito akachimba bila mtu kumzuia, na mama pengine asikumbuke alichokuwa anakilinda. Au tutapanda mwingine palepale. Au sebule yako isogee kidogo. Wewe ndiye mkubwa, na yeye alikuwa mwenzako kabla hajawa dada yangu. Ninachokuomba ni kimoja. Omba ruhusa kazini, uje maua yakiwa bado juu, usimame pale na mama. Anataka kuwaona ninyi wawili kwa pamoja. Usimuulize maswali mengi, maana akihangaika kukumbuka huumia. Shangazi Eliaichi amekubali kukaa nasi mpaka ufike. Anasema miguu yake bado ina nguvu kidogo, na ukitaka atakupeleka juu akuonyeshe yale mawe.

Mwambie wifi Gladness lolote utakaloona linafaa. Shangazi anawasalimu sana, Sifael pia, na mchungaji aliuliza habari zako leo pale mlangoni pa kanisa. Mama anakusalimu, amesema uvae sweta ukija kwani huku kuna baridi, na amelisema mara nyingi. Mungu akulinde njiani. Ukifika usihangaike kupiga hodi mlango wa mbele. Pita moja kwa moja nyuma, utawakuta huko.

Ni mimi mdogo wako,
Anaeli